Joseph Swan, Muuza Dawa Aliyetengeneza Taa

Katika vijitabu vya sherehe kama hiki, ukurasa wa maisha ya mtu mashuhuri kwa kawaida humwendea mtunzi wa tenzi au mmisionari wa zamani. Safari hii tumemchagua mtu wa duka. Hakujulikana kwa sauti yake wala kwa wimbo wowote. Lakini mazoezi yetu mengi hufanywa jioni, watu wakishatoka kazini na shambani, na tusingeweza kusoma sol-fa ubaoni bila kitu alichokihangaikia kwa karibu miaka 30. Ukiwauliza watoto wa shule ya Jumapili ni nani aliyetengeneza balbu, watajibu kwa sauti moja kwamba ni Edison. Hawajakosea, ila wamesema nusu. Nusu iliyobaki ni ya Joseph Wilson Swan, mwenye duka la dawa katika mji wa Newcastle, Uingereza.

Alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1828 karibu na Sunderland, kaskazini mashariki mwa Uingereza, nchi ya bandari, makaa ya mawe na viwanda vya vioo. Baba yake, John Swan, aliuza nanga na minyororo ya meli. Mzee huyo alipenda sana kubuni vitu vipya, na fedha nyingi za nyumba ziliishia huko bila kurudi. Pengine mwana alirithi ugonjwa ule ule, ila yeye alikuwa na bahati ya kujifunza kwanza kazi ya kumlisha. Shule aliiacha mapema. Alipofika miaka 14 aliwekwa kuwa mwanagenzi katika duka la dawa la Hudson na Osbaldiston pale Sunderland. Duka la dawa la wakati ule halikuwa kama kemisti ya leo, ambako dawa huja zimefungwa tayari. Mwenye duka alisaga, akapima, akachemsha na kuchanganya mwenyewe. Kijana aliyekaa humo kwa makini alitoka akiijua kemia kwa mikono yake kabla ya kuijua kwa vitabu.

Wenye duka wale wawili walifariki, naye Joseph akahamia Newcastle kwa shemeji yake John Mawson, aliyemwoa dada yake Elizabeth. Mawson naye alikuwa na duka la dawa. Alimpokea kijana kama msaidizi, na baadaye akamfanya mshirika, duka likaitwa Mawson na Swan. Lilikuwa katika barabara ya Mosley. Pamoja na dawa, walianza kutengeneza kolodioni, maji mazito ambayo wapiga picha wa siku hizo walipaka juu ya kioo ili kishike picha. Kolodioni yao ilikuwa safi kuliko ya wengi, na jina lao likaenea. Faida ya biashara hiyo ndiyo iliyolipia majaribio yote yatakayosimuliwa hapa. Swan hakuwa mtu wa kuacha kazi ili kufuata ndoto. Mchana alihudumia wateja, na usiku akafanya lile lililomkaa moyoni.

Lililomkaa moyoni lilikuwa taa. Akiwa bado kijana Sunderland alisikiliza mihadhara ya W. E. Staite kuhusu mwanga wa umeme, na akasoma habari za Mmarekani J. W. Starr, aliyepata hataza ya taa ya namna hiyo mwaka 1845 kisha akafa angali kijana. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza. Umeme ukipita katika kitu chembamba kinachoupinga, kitu hicho hupata moto mpaka king'ae. Taabu ni kwamba kikishang'aa mbele ya hewa, huungua na kuwa majivu. Kwa hiyo lazima kifungwe ndani ya kioo, na hewa yote itolewe.

Kuanzia mwaka 1850 hivi Swan alijaribu karatasi. Alikata vipande vyembamba, akavizika katika unga wa mkaa ndani ya chungu kilichofunikwa, kisha akavipeleka kwenye tanuri. Mtu yeyote aliyeona mkaa ukichomwa huku kwetu ataelewa mara moja alichokuwa akifanya. Ukifunika kuni kwa udongo na kuzinyima hewa, haziwi majivu bali huwa mkaa. Alipata vipande vya kaboni vyembamba, vilivyopinda bila kukatika, akaviweka ndani ya chupa ya kioo, akatoa hewa kwa pampu aliyokuwa nayo, akaunganisha betri. Mnamo mwaka 1860 kipande kimoja kiling'aa chekundu kwa muda mfupi. Kisha kikakatika.

Alishindwa na mambo mawili. Pampu za siku hizo ziliacha hewa nyingi mno ndani ya kioo, na betri zilikuwa ghali na dhaifu. Yote mawili yalikuwa nje ya uwezo wake. Akaviweka vyombo kando na kurudi kwenye kolodioni.

Hapo ndipo wengi wangemaliza habari zake, na hata hivyo angekuwa mtu wa kukumbukwa. Mwaka 1864 alipata hataza ya njia ya kuchapa picha kwa kaboni, picha ambazo hazififii kama za awali. Wapo kati ya wasomaji wetu watakaofurahi kujua kwamba mchoro mkubwa wa David Octavius Hill, unaoonyesha mamia ya wachungaji na wazee wa kanisa waliojitenga na kuanzisha Kanisa Huru la Scotland mwaka 1843, ulienezwa kwa nakala zilizochapwa kwa njia hii ya Swan. Mchoro huo ulimchukua Hill zaidi ya miaka 20. Inaonekana watu wa kizazi kile hawakuogopa kazi ndefu.

Kisha ukaja mwaka wa msiba. Desemba 1867 nitrogliserini, baruti ya maji yenye nguvu ya kutisha, ilikutwa imefichwa katika ghala moja katikati ya Newcastle. John Mawson alikuwa Sherifu wa mji. Badala ya kuwatuma wengine na kubaki ofisini, alikwenda mwenyewe na watu wake hadi uwanda wa Town Moor, nje ya makazi, ili iharibiwe huko. Ikalipuka. Mawson alikufa pamoja na wengine kadhaa. Katika muda wa wiki chache tu, mapema mwaka 1868, Frances, mke wa Swan, naye akafariki. Mtu wa miaka 39 akabaki na watoto wadogo, dada mjane, na duka lote mabegani mwake.

Alisimama. Duka halikufungwa, na dada yake Elizabeth alibaki mshirika wa biashara. Mwaka 1871 Swan alimwoa Hannah, ndugu ya Frances. Sheria ya Uingereza wakati huo haikuruhusu mwanamume kumwoa ndugu ya marehemu mkewe, kwa hiyo harusi ilifanyiwa Uswisi. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1907. Wako wazee hapa petu ambao wangeshangaa kwamba jambo hilo lilihitaji safari ya Uswisi.

Mwaka huo huo wa 1871 aligundua jinsi ya kutengeneza sahani kavu za picha zinazoshika mwanga upesi zaidi, na mwaka 1879 akapata hataza ya karatasi ya bromaidi, ambayo wapiga picha waliitumia kuchapa picha nyeusi na nyeupe kwa karibu miaka 100. Picha za zamani za kwaya nyingi, zile zilizokunjika pembe, zimechapwa juu ya karatasi za ukoo huo.

Lakini taa hakuisahau. Mwaka 1865 Hermann Sprengel alikuwa amebuni pampu inayotumia matone ya zebaki kubeba hewa nje, na miaka kumi baadaye William Crookes akaonyesha jinsi pampu hiyo inavyoweza kuacha kioo karibu kitupu kabisa. Swan aliposoma habari hizo alijua kwamba kile kilichomshinda zamani kimepatikana kwa mikono ya watu wengine. Alikuwa anakaribia miaka 50. Akavitoa vyombo tena.

Yeye mwenyewe hakuwa fundi wa pampu. Akamtafuta Charles Stearn, karani wa benki katika mji wa Birkenhead, ambaye saa zake za jioni alizitumia kucheza na mirija isiyo na hewa. Stearn alikuwa na fundi hodari wa kupuliza vioo, Fred Topham. Basi kazi ikawa hivi: Swan alitengeneza vipande vya kaboni Newcastle, akavituma ng'ambo ya pili ya nchi hadi Birkenhead, Topham akavifungia ndani ya vioo, Stearn akatoa hewa. Mwuza dawa, karani na mpuliza vioo. Kwaya ya watu watatu, kila mmoja na sauti yake, na ukimwondoa mmoja wimbo hautoki.

Tatizo moja lilibaki. Hata baada ya kutoa hewa yote, taa ikiwaka muda kidogo kioo kiliingia weusi ndani, kama chemni ya taa ya mafuta isiyofutwa, na kaboni ikakatika. Walikuja kugundua kwamba kaboni yenyewe hunyonya hewa kama sponji inavyonyonya maji, na huitoa inapopata moto. Dawa yake ilikuwa kuiwasha kaboni ing'ae sana huku pampu ingali inafanya kazi, hewa yote ya ndani itoke, ndipo kioo kizibwe. Jambo dogo likisemwa, lakini ndilo lililotenganisha taa ya dakika chache na taa ya kutumika nyumbani.

Tarehe 18 Desemba 1878 alionyesha taa yake kwa wanakemia wa Newcastle. Tarehe 3 Februari 1879 aliionyesha ikiwaka katika Jumuiya ya Fasihi na Falsafa ya mji huo, mbele ya watu zaidi ya 700, mwenyekiti akiwa Sir William Armstrong, tajiri wa mizinga na mashine. Kaboni ya taa hizo bado ilikuwa kijiti kinene kidogo. Swan akaendelea kuitafuta iliyo nyembamba, akaipata katika uzi wa pamba, uzi wa kawaida wa kushonea, uliochovywa katika asidi ya salfuriki kisha ukachomwa kuwa mkaa. Oktoba 1880 alisimama tena katika ukumbi ule ule. Taa zote za gesi zilizimwa, na mara taa zake 20 zikawaka pamoja. Nyumba yake huko Low Fell, Gateshead, ikawa miongoni mwa za kwanza duniani kuwashwa kwa balbu, na barabara ya Mosley, lilipokuwa duka lake, ikawa miongoni mwa barabara za kwanza. Mwezi wa Desemba Armstrong naye akaziweka katika jumba lake la Cragside, akizalisha umeme kwa nguvu ya maji.

Mwaka 1881 kiwanda kilifunguliwa Benwell, ukingoni mwa Newcastle, na muuza dawa akawa mtengenezaji wa taa wa kibiashara. Bunge likazinunua, meli zikazinunua, na Ufaransa ikamvisha nishani yake kwenye maonyesho makubwa ya umeme ya Paris mwaka huo huo.

Kwa watu wa kuimba, habari inayotuhusu zaidi ni ya Savoy Theatre, London, uliofunguliwa tarehe 10 Oktoba 1881. Kabla ya hapo majumba ya kuimbia yaliwashwa kwa gesi. Mamia ya ndimi za moto zilikula hewa ya ukumbini. Joto lilipanda, watu wakaumwa vichwa, waimbaji wakaishiwa pumzi jukwaani. Wazee wetu waliowahi kuimba ibada nzima chini ya karabai mbili tu wanaweza kukisia. Richard D'Oyly Carte, mwenye ukumbi, aliamua kutumia taa za Swan zipatazo 1,200, huku injini ya mvuke ikizungusha jenereta katika kiwanja cha pembeni. Sisi hapa Kenya tunaita umeme stima, neno lililotokana na mvuke, na pale Savoy mtu angeona kwa macho yake sababu ya jina hilo. Usiku wa kwanza umeme ulitosha upande wa watazamaji tu. Jukwaa likaendelea na gesi. Tarehe 28 Desemba ndipo jukwaa nalo lilipowashwa. Watu waliogopa moto, kwa hiyo Carte alisimama mbele yao na balbu inayowaka, akaizungushia kitambaa chepesi cha melimeli, akaivunja. Taa ilizimika palepale, na kitambaa hakikuungua hata kidogo.

Mchezo wa kuimba uliokuwa jukwaani siku hizo ulitungwa na Gilbert na Sullivan, na jina lake lilikuwa Patience, yaani Subira. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ajili ya Swan, lakini jina lilimfaa. Sullivan huyo ndiye Arthur Sullivan aliyetunga mwaka 1871 sauti ya Onward, Christian Soldiers, ambayo kwaya zetu zimeiimba barabarani mara nyingi, ngoma zikiwa mbele.

Sasa turudi kwa Edison na jibu la watoto wetu. Edison alifanikisha taa yake Marekani mwishoni mwa 1879, na Novemba mwaka huo akapata hataza Uingereza. Swan, aliyekuwa ameonyesha taa yake hadharani miezi kadhaa kabla, hakuwa ameomba hataza ya taa nzima, kwa kuwa aliona wazo la kaboni ndani ya kioo kitupu ni la watu wengi waliotangulia. Aliombea hataza yale tu aliyoyagundua mwenyewe, kama ile njia ya kutoa hewa kaboni ikiwa inang'aa. Ulikuwa uaminifu, na ulimgharimu. Kesi ilinukia. Lakini kila upande ulikuwa na silaha ya kumwumiza mwingine, wakaona heri kuungana. Mwaka 1883 ikaundwa kampuni moja, Edison na Swan, na taa zake zikaitwa Ediswan.

Muungano huo ulileta jambo la ajabu. Hataza yenye nguvu ya kuwazuia washindani wengine ilikuwa ya Edison. Ili isimame mahakamani, mawakili wa kampuni iliyobeba jina la Swan walilazimika kutetea kwamba kijiti cha kaboni alichokionyesha Swan mwanzoni hakikuwa uzi mwembamba, na kwa hiyo hakikumtangulia Edison. Kampuni ilishinda. Swan alipata faida ya ushindi huo kama wenzake, na jina lake likarudi nyuma hatua moja. Kwa maoni ya mwandishi, hapo ndipo jibu la watoto wetu lilipozaliwa. Yeye hakugeuza jambo hilo kuwa ugomvi. Aliendelea na kazi.

Kazi iliyofuata ilikuwa kutafuta uzi laini zaidi kwa ajili ya balbu. Aliyeyusha selulosi iliyotiwa asidi, akaisukuma kupitia tundu dogo, ikatoka uzi mrefu usio na fundo. Uzi huo uling'aa kama hariri. Hannah aliuchukua, akafuma vitambaa vya krosheti, vile vile ambavyo akina mama wetu hutandika juu ya viti na meza, na mwaka 1885 vikawekwa kwenye maonyesho ya uvumbuzi London. Vilikuwa kati ya vitambaa vya kwanza duniani vya hariri ya kutengenezwa na binadamu. Swan hakuanzisha kiwanda cha nguo, maana yeye alitaka uzi wa taa. Alihangaikia pia taa ya betri kwa wachimbaji wa makaa ya mawe, ili wasibebe moto mahali penye gesi ya kulipuka.

Heshima zilikuja uzeeni. Mwaka 1894 alipokelewa katika Royal Society, mwaka 1898 akawa rais wa chama cha wahandisi wa umeme, na mwaka 1904 Mfalme Edward wa Saba akampa cheo cha Sir. Kijana aliyeacha shule mapema.

Mwaka 1908, Sir Joseph alipotimiza miaka 80, Mombasa na Nairobi zilipata kila moja kampuni yake ya kwanza ya umeme. Taa za mwanzo zilizowashwa mitaani mwetu zilikuwa za ukoo wa ile ya Newcastle, uzi mwembamba ndani ya kioo kisicho na hewa. Alifariki tarehe 27 Mei 1914 nyumbani kwake Warlingham, kusini mwa London, akiwa na miaka 85. Mwaka 1929 binti yake Mary na mwanawe Kenneth walichapisha kitabu cha maisha yake. Jengo la Jumuiya ya Fasihi na Falsafa bado liko Newcastle, karibu na stesheni ya reli, na mpaka leo watu huingia humo kusoma.